Safari ya Taveta

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu mzaa mama hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita "baba." Alipotaka maji alisema, "Baba, niletee maji." Nilipokosa alisema, "Baba, leo utachapwa." Wenzangu walinicheka, wakaniuliza, "Je, wewe ndiwe uliyemzaa bibi yako?" Wazee walikuwa wameniambia ya kuwa nimepewa jina la baba yake, aliyekwenda vitani wala asirudi, ndiyo sababu akaniita hivyo. Lakini mtoto hapimi uzito wa neno kama hilo. Nililisikia kila siku kama mtu asikiavyo jogoo akiwika, nikalizoea.

Siku moja shuleni mwalimu alitufundisha habari za vita vikuu vilivyoanza mwaka 1914, Waingereza walipopigana na Wadachi hata katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Akauliza, "Nani kati yenu ana mzee wa ukoo wake aliyekwenda vita vile?" Kwetu ni Ukambani, na Wakamba wengi waliingia uaskari zamani, basi mikono ikainuka. Mmoja akasema babu yake alikuwa askari wa Keya. Mwingine akasema mzee wao alikuwa sajini, tena alirudi na nishani. Mimi nikaona haya kusema ya kuwa mzee wetu alikuwa mpagazi tu. Nikasimama, nikasema kwa sauti kuu, "Baba yake bibi yangu alikuwa mpiga mzinga." Darasa zima likanitazama kwa heshima, nami nikaketi, na moyo ukinidunda.

Njia ya mwongo ni fupi. Hata jioni nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imekwisha mfikia bibi. Hakunigombeza wala hakushika fimbo. Asubuhi yake, siku ya Jumamosi, akanipa debe tupu, akasema, "Baba, twende mtoni." Tukashuka. Akalijaza debe maji mpaka juu, akanitwika kichwani, akasema, "Haya, mbele." Njia ya kurudi ni ya kupanda mlima. Nilitua mara tatu kabla ya kufika nyumbani, na shingo yangu iliniuma kana kwamba imevunjika.

Nilipolitua debe mlangoni, bibi akaketi juu ya kigoda chake, akasema, "Debe hilo lina ratli arobaini. Mzigo wa baba yangu ulikuwa ratli hamsini, na siku nyingine sitini. Wewe umekwenda mwendo wa robo saa. Yeye alikwenda kutwa, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Ulipoona kiu ulikunywa. Yeye alichukua maji ya watu wengine. Baba yangu hakupiga mzinga. Lakini niambie wewe uliyesoma: mzinga ule ulikula risasi gani, nazo zilifika vitani juu ya kichwa cha nani?"

Sikuwa na la kujibu. Ndipo akanisimulia habari yote. Mwaka 1915 serikali ya Kiingereza iliyotawala nchi yetu ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi. Baba yake alichukuliwa wakati ule, na mama yake alikuwa na mimba. Bibi akazaliwa nyuma yake, asimwone baba yake kwa macho. Vita vilipokwisha, mtu mmoja wa kijiji chao alirudi, amekonda kama ufito. Huyo ndiye aliyesema ya kuwa walikwenda pamoja kwa gari la moshi hata Voi, na kutoka Voi wakapelekwa nyikani, na mara ya mwisho alimwacha mwenzake mahali paitwapo Mbuyuni, mwanzoni mwa mwaka 1916, amelala chini na tumbo likimwenda damu. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari yake. Haikuja barua, wala mshahara wake haukuja.

Bibi akasema, "Nami kaburi lake silijui. Wewe ukipata siku moja kupita njia ile, nitazamie."

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili nilipoahidi. Bibi alikufa, nami nikawa mwalimu, nikafundisha miaka mingi, na ahadi ile sikuitimiza. Nilipostaafu nikasikia ya kuwa kuna safari maalumu zinazoanzia Voi, watu wakachukuliwa kwa basi, wakaonyeshwa na kiongozi mahali pote palipopiganwa vita vile hata Taveta. Nikajiambia, "Sasa sina udhuru tena." Nikalipa nauli yangu.

Jueni ya kwamba desturi hii ya kwenda kuviona viwanja vya vita si mpya. Vita vile vilipokwisha mwaka 1918, watu wa Ulaya walianza kwenda Ufaransa na Ubelgiji kwa maelfu. Wazazi walitafuta makaburi ya wana wao, na wajane makaburi ya waume zao. Hata leo mabasi hufika kila siku katika mji wa Ypres, Ubelgiji, penye lango kubwa liitwalo Menin Gate, lililofunguliwa mwaka 1927. Katika kuta za lango hilo yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya watu waliokufa wasijulikane kaburi lao. Tangu mwaka 1928, kila siku saa mbili za usiku, tarumbeta hupigwa hapo kwa kuwakumbuka, isipokuwa ile miaka ya Vita vya Pili mji ulipotekwa. Nilipoisoma habari hii nilifurahi. Nikawaza, "Kama watu wasio na kaburi waliandikwa majina yao kule, basi huenda na mzee wetu ameandikwa mahali."

Tuliondoka Voi alfajiri. Ndani ya basi tulikuwa watu wa namna nyingi: Waingereza wawili watatu, na mtu na mkewe kutoka Afrika ya Kusini, na Wahindi wa Nairobi, na Wadachi vijana, na sisi Waafrika wachache. Kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja wa Kitaveta, mpole, mwenye kofia ya kitambaa, aliyeijua nchi ile kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake.

Kwanza alitupeleka makaburini pale Voi, akatuonyesha kaburi la Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa afisa katika jeshi la Waingereza. Tarehe 3 Septemba mwaka 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilishambuliwa, naye akapigwa risasi ya mguu. Wenzake walikuwa wakimchukua ili wamponye. Lakini alipoona ya kuwa majeruhi wengine hawawezi kuondolewa, akaamuru aachwe pamoja nao, akitumaini ya kuwa adui wakimkuta afisa kati yao watawahurumia. Akafa pale. Baadaye akapewa nishani ya Victoria Cross, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa Waingereza. Tulisimama kimya. Hata mimi niliyekuja na neno langu moyoni nilimheshimu, maana mtu akifa kwa ajili ya wanyonge, hatuulizi ni wa nchi gani.

Tukashika barabara ya Taveta, ambayo urefu wake ni kilomita 110 hivi. Tulipita Mwatate na milima ya Bura, yenye mashamba na mawingu. Kisha milima ikabaki nyuma yetu, ikaja nyika. Ni nchi ya miiba na vumbi jekundu, na mito haionekani. Kando ya barabara kiongozi akatuonyesha njia ya reli, akasema, "Mwaka 1914, mwezi wa Agosti, Wadachi waliivuka mipaka wakaiteka Taveta. Waingereza wakataka kuwatoa. Lakini jeshi litapitaje katika nchi isiyo na maji? Basi mwaka 1915 wakaijenga reli hii kutoka Voi, wakaleta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Mabomba yalipokwisha, na reli ilipokwisha, vilianza vichwa vya watu."

Maneno hayo yalinichoma. Nikalikumbuka debe la bibi.

Pale Maktau tuliona mabaki ya maboma ya mawe na mahandaki yaliyojaa majani. Tukaendelea. Hata baada ya mwendo nikasoma kibao kando ya njia: Mbuyuni. Nikainuka kitini mwangu. Gari halikupunguza mwendo. Nikamwambia kiongozi, "Mzee, hapa hatusimami?" Akajibu kwa upole, "Mwalimu, hapa palikuwa na kambi kubwa sana ya jeshi. Lakini hakuna kaburi wala jengo la kuonyesha. Katika orodha ya safari hapamo." Nikaketi. Nje ya dirisha nikaona miiba, na mibuyu michache, na mbuzi wawili. Hayo ndiyo yote niliyoyaona mahali alipoachwa mzee wetu.

Tukafika Salaita. Ni kilima kidogo kilichosimama peke yake katika tambarare, na siku ile mlima wa Kilimanjaro ulionekana nyuma yake, na theluji yake iking'aa. Tukapanda kwa miguu. Kiongozi akatuketisha kivulini, akatueleza habari ya vita vya tarehe 12 Februari mwaka 1916.

Alisema, "Waingereza walikuja watu wapatao 6,000. Wengi wao walikuwa askari Wazungu kutoka Afrika ya Kusini, waliofika nchi hii karibuni. Juu ya kilima walikuwako Wadachi na askari wao Waafrika, wasiotimia 2,000. Wale wageni waliwadharau. Walisema askari weusi hawawezi kusimama mbele yao. Tena walikuwa wametuma eropleni ipeleleze kutoka juu, nao wakadhani mahandaki ya adui yako kileleni. Basi mizinga yao ikapiga kilele asubuhi nzima. Lakini kileleni yalikuwa mahandaki ya uongo. Yale ya kweli yalikuwa hapa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefichwa kwa miiba. Askari wale walipokaribia, wakamiminiwa risasi za bombomu, kisha askari weusi wa Wadachi wakatoka na singe zao, wakawakimbiza. Waliowaokoa ni Wabaluchi, watu wa Bara Hindi, waliosimama imara nyuma yao mpaka wakapata kurudi."

Kisha akacheka kidogo, akaongeza, "Inasimuliwa ya kuwa Wabaluchi hao waliokota bombomu moja ambayo wenzao waliiacha wakikimbia. Wakawarudishia, pamoja na salamu na ombi moja: kwamba tangu leo wasiwaite tena makuli."

Watu wote wakacheka, na yule Mhindi mzee wa Nairobi akacheka kuliko wote. Mimi nilicheka pia, lakini ndani yangu nilikuwa nikihukumiwa. Maana niliona ya kuwa dharau ndiyo iliyowapofusha watu wale wasiione hatari. Nayo dharau iyo hiyo ndiyo iliyonifanya mimi, mtoto wa shule, nimkane mpagazi wa damu yangu nikajitafutia mpiga mzinga.

Mwezi uliofuata, Machi 1916, jemadari Smuts alileta majeshi makubwa zaidi, akazunguka upande wa Kilimanjaro. Wadachi wakaiacha Salaita bila kupigana. Wakapigana tena penye vilima viwili vya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi, usiku kucha, hata Wadachi wakarudi nyuma. Tuliviona vilima hivyo kwa mbali, njia ikipita katikati yake. Baada ya hapo vita vilihamia kusini, vikaenda miaka mingine miwili na zaidi, mpaka jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba mwaka 1918, pale Abercorn, ambapo leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Huko Ulaya vita vilikuwa vimekwisha tangu tarehe 11.

Mchana tulifika Taveta, tukaingia makaburini. Ni mahali safi, pamezungushiwa ua, na majani yamekatwa vizuri. Mawe yamepangwa kwa safu kama askari katika gwaride. Nikaanza safu ya kwanza, nikasoma kila jina. Nikaja ya pili, nikasoma. Wengi wao walikufa Salaita na Latema, na wengi walikuwa vijana. Nilisoma mpaka jiwe la mwisho. Nilikuwa najua, na hata hivyo nilisoma. Jina la mzee wetu halikuwamo, wala la mpagazi mwingine wa kwetu sikuliona.

Nikamwendea kiongozi, nikamwuliza, "Mzee, wapagazi wamezikwa wapi?"

Akanitazama kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, umeipita nchi yote waliyozikwa, tangu Voi."

Akanieleza mambo ambayo mengine nilikuwa nimeyasoma na mengine sikuyajua. Katika vita vile Waingereza peke yao waliwaandika wapagazi wapatao milioni moja, kutoka nchi nyingi za Afrika. Mshahara wa mpagazi wa nchi yetu ulipunguzwa mpaka rupia tano au sita kwa mwezi. Wanahistoria wengi hukadiria ya kuwa waliokufa walikaribia 100,000, na wengine husema walizidi. Wachache walikufa kwa risasi. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, na malaria, na kichomi, na unga wa mahindi usioiva, na kuchoka. Upande wa Wadachi vilevile wapagazi walikufa, na hesabu yao haikuwekwa vema. Jina la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza ni Carrier Corps. Watu wakaligeuza wakasema Kariakoo. Leo tunanunua nyanya na vitambaa katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, na wachache hukumbuka ya kuwa neno lile ni la wapagazi waliopiga kambi pale.

Akaendelea, "Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya vita. Sheria yake kubwa ilikuwa hii: aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na wote wawe sawa, awe mkubwa au mdogo. Hilo lilikuwa neno jema. Lakini lilipofika Afrika halikutimizwa. Wakubwa walisema ya kuwa kwa wapagazi na askari wengi weusi zatosha sanamu za pamoja, nazo zikasimamishwa Nairobi, na Mombasa, na Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume iyo hiyo ilichunguza mambo yake ya kale, ikatangaza wazi ya kuwa watu 116,000 kwa uchache, na huenda wakafika 350,000, Waafrika wengi kati yao, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi."

Sanamu ya Nairobi naijua tangu ujana wangu. Wamesimama watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, tena yanaahidi ya kuwa aipiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesoma maneno yale mara nyingi. Siku ile tu, pale Taveta, ndipo nilipotambua ya kuwa sanamu ile yasema habari za jina, nayo haina jina hata moja la mpagazi.

Nikaingiwa na uchungu. Nikakaa juu ya ukuta mfupi, nikawatazama wenzangu wakienda huku na huku. Bibi mmoja Mwingereza, mzee wa mvi, alikuwa amelikuta kaburi alilokuja kulitafuta, la ndugu ya babu yake. Aliinama akaweka ua jekundu la karatasi, akaligusa jiwe kwa mkono wake, akalia. Nikamwonea kijicho. Naungama jambo hili, wala silifichi: nilimwonea kijicho mwanamke mzee kwa sababu ya jiwe.

Alipokwisha kujifuta machozi, akaja akaketi karibu nami, akaniuliza, "Na wewe, bwana, unamtafuta nani?"

Nikasema, "Baba yake bibi yangu."

"Kaburi lake ni lipi?"

"Hana kaburi. Alikuwa mpagazi."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani ataniambia maneno ya kunituliza, nami sikuyataka. Lakini aliuliza neno moja tu. "Jina lake nani?"

Nikafumbua kinywa nimjibu, nikasikia ninalitaja jina langu mwenyewe.

Enyi vijana, sijui niwaeleze namna gani. Jina lile nimelichukua tangu kuzaliwa kwangu. Liliandikwa katika vyeti vyangu, na wanafunzi wangu waliliita kila asubuhi kwa miaka mingi. Nami nilikuwa nimesafiri siku nzima nikilitafuta juu ya mawe! Nikamkumbuka bibi pale mlangoni, akiita, "Baba, niletee maji." Alikuwa hana jiwe la kuligusa. Basi alilitunza jina la baba yake kwa njia aliyokuwa nayo: alilitwika juu ya mtoto, akaliita kila siku, ili lisitue chini.

Jioni tulianza safari ya kurudi. Nikamwambia kiongozi, "Mzee, tafadhali, tukifika Mbuyuni tusimame, japo kitambo kidogo." Akazungumza na dereva, na dereva akakubali. Jua lilikuwa likishuka tuliposimama. Nilikusudia kushuka peke yangu, lakini yule bibi Mwingereza akashuka nyuma yangu, kisha Wahindi, kisha Wadachi, hata basi likabaki tupu. Tukasimama kando ya njia mbele ya miiba, wala hakuna aliyetuambia la kufanya, maana hapakuwa na kitu cha kutazama.

Nikaita jina lake kwa sauti, mara moja. Kisha tukasali sala fupi, kila mtu kwa lugha yake, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake wote waliolala katika nyika ile, ambao majina yao Mungu anayajua. Hata tulipokwisha, tukapanda gari, tukaenda zetu. Nilifika Voi usiku, na moyo wangu haukuwa na furaha kamili. Lakini ahadi niliyoahidi nikiwa na miaka kumi na miwili nilikuwa nimeitimiza.

Baada ya safari ile nilisikia habari moja iliyonipendeza. Mwezi wa Januari mwaka 2025 ukumbusho mpya ulifunguliwa katika mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini, kwa ajili ya Waafrika weusi wa nchi ile zaidi ya 1,700, waliofanya kazi za jeshi katika vita vile wakafa bila kukumbukwa. Zimesimamishwa nguzo za mti, na kila mtu ana nguzo yake yenye jina lake. Imechukua zaidi ya miaka mia moja. Lakini jambo lililochelewa si sawa na jambo lisilofanyika. Huenda na sisi tutaiona siku hiyo.

Nanyi msingoje mpaka siku hiyo ije. Nendeni mkawaulize wazee wenu wangali hai: nani katika ukoo wetu alikwenda vitani, alichukuliwa mwaka gani, alipita njia ipi, alirudi au hakurudi? Yaandikeni majina hayo katika madaftari yenu kwa wino. Na mtu akiwaambia, "Mzee wetu alikuwa mpagazi," msione haya kama nilivyoona mimi. Ukimwona hamali sokoni ameinama chini ya gunia, mpishe njia, tena umwamkie. Hujui ni jina la nani alilolichukua pamoja na mzigo wake.